Mbele ya Kuku

Cirimwami amefungua redio ya saba wiki hii.
Skrubu amezipanga mezani kwa ukubwa,
kama watoto wa shule kwenye mstari,
na kila moja, anasema, ina sikio.

Huyu ndiye aliyetengeneza redio za Kadutu nzima,
mtu wa kugonga kidogo kwa ukucha, sauti ikarudi.
Sasa sauti zinakuja bila redio.

Nikitaja hospitali, anainuka.
"Mgonjwa ni wewe. Nenda wewe."
Anavuta pazia. Nje ni mvua tu,
na matope yanayoteremka kuelekea ziwani.

Shemeji Mugisho alinishauri: saga kidonge,
changanya kwenye sombe, hatajua.
Nilikishika kidonge kile mpaka kikalowa jasho.
Mume wangu hali kitu nisichokionja kwanza.
Kijiko changu ndicho mlango pekee alioniachia;
nikiupita kwa hila leo,
kesho nitabisha hodi wapi?

Pasta alitaka tufunge siku saba.
Tulifunga mbili. Ya tatu nikampikia, Mungu anajua.

Jumanne nikafanya alivyosema.
Nikaenda mimi.
Nikakaa kwenye benchi, kati ya kijana
anayehesabu vidole vyake na mama mwenye kuku kikapuni.
Muuguzi akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?"
"Yuko nyumbani," nikasema. "Amenituma."
Hakucheka. Akaandika jina langu, Nabintu, kwenye fishi,
akaniuliza ninalala saa ngapi,
na hapo ndipo nilipolia,
mbele ya watu, mbele ya kuku.

Aliniambia: usibishane na hizo sauti.
Usizikubali pia.
Kaa karibu, na siku atakayouliza, jibu.

Nilirudi umeme umekatika.
Nikakaa sakafuni, nikammulikia kwa simu.
"Ulienda?"
"Nilienda."
Akageuza skrubu moja, muda mrefu, kama anayetafuta kichwa chake.
"Walikuuliza nini?"
"Kama ninalala."
Jirani akawasha jenereta. Ikakohoa, ikashika.
"Na wewe ukawaambia nini?"
"Kwamba silali. Kwamba nakusikiliza unavyotembea."

Hakusema kitu.

Fishi nimeiacha mezani, mwisho wa ule mstari wa skrubu.
Siku nne sasa. Hajaigusa.
Hajaitupa.
Jana aliisogeza kidogo,
isilowe maji yanayovuja juu.