Ulimi wa Kumi na Tisa

Bi Mwantumu alikileta kimefungwa kanga kuukuu,
kinanda cha mvukuto, kona zimeliwa na mchwa.
"Niambie kwao wapi, nikijue kabla sijakiuza."

Kibandiko: mende wamebakiza "-thal" na nusu ya tai.
Nimepima vifungo kwa rula ya mwanangu,
nimenusa gundi, nimehesabu mikunjo.
Nikaandika barua Ujerumani. Jibu: tuma picha ya ndani.

Basi leo, Barabara ya Kumi na Tatu, umeme umekatika,
nafungua skrubu sita kwa kisu cha mezani.
Ndimi za shaba juu ya bati la zinki,
kila mmoja na namba yake, kama watoto wa bweni.

Ila wa kumi na tisa.
Huo chuma, umechongwa kwenye kamani ya saa,
na ubavuni, kwa penseli, herufi za Kiarabu:
Mbaruku. Ulikuwa bubu, sasa unasema.

Nikaupuliza.
Ukapanda kidogo kuliko wenzake,
kama mtu wa Ngamiani akisoma Kijerumani.

Kesho, Bi Mwantumu, sitakuuliza habari za Ulaya.
Nitakuuliza nani hapa mtaani
alikuwa akivunja saa.