Sentimita Kumi na Tisa

Waliileta ramani ukumbini, chini ya kioo,
na kahawa kwa kila aliyefika.
Uwanja wa kujaribia magari: kilomita saba za lami
zimejikunja kama mkanda uliosahauliwa mezani,
dakika ishirini tu kutoka jijini,
katikati ya alizeti za mama yangu.

Nilikaa nyuma. Mimi ni mtu wao:
mwaka wa kumi na moja nafunga milango ya kushoto,
ya kushoto tu, ya kulia ni ya Ambrus.
Mshahara wao ndio ulioezeka nyumba ya mama.
Ningefungua mdomo, nigeutia nini?

Bwana Wieland, mhandisi, alikuwa mpole.
Alionyesha kwa kalamu: hapa mteremko,
hapa maji ya kina cha kidole, magari yajifunze mvua,
na hapa
(mkalimani alimeza mate kwanza)
hapa tutajenga mita mia nane za barabara mbovu.

Mbovu vipi? aliuliza mama,
Etelka binti Benedek,
mwenye mizinga arobaini na goti moja zima.

Mbovu kitaalamu, alijibiwa.
Mashimo yaliyopimwa. Mawe yaliyolegezwa kwa hesabu.
Hakuna sehemu yenye gharama kuliko hiyo.

Basi mama akacheka,
akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwangukia mabegani.
Miaka ishirini na sita tunaandika barua wilayani,
barabara yetu mbovu, barabara yetu mbovu,
tunajibiwa hakuna fedha.
Kumbe fedha zipo,
ila ubovu sharti uwe mpya!
Hata Meya Dezső, aliyekwisha kuvaa kofia yao,
alijificha nyuma ya karatasi, mabega yakimtikisika.

Kitukuu cha Rozália kikaweka kidole kwenye kioo,
kikazungusha, kikazungusha tena.
Yanakwenda wapi haya magari?
Yanarudi yalikotoka, alisema mkalimani,
bila kusubiri mtu amwambie.

Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.
Na mwenye kuzunguka je?
Nadhani huokota kile kile alichoangusha.

Mhandisi aliondoka usiku, mvua ikinyesha.
Kilomita ya nne, penye msalaba wa mawe,
gurudumu lake lilizama kwenye shimo
lililovunja mkokoteni wa babu mwaka wa theluji nyingi,
lililomwaga madebe ya maziwa ya Rozália,
lililoning'oa jino, baiskeli yangu ikiwa na siku mbili.
Tulimsukuma wanaume watano, mama kashika taa.
Gari lilipotoka, yeye hakupanda.
Alipiga magoti topeni,
akachomoa futikamba, akapima.
Sentimita kumi na tisa.
Akapima tena kwa mshazari,
akaandika polepole,
kama mtu anayeandika jina la mgonjwa.

Mama alitia saini mwezi wa Machi.
Sitasema ilikuwa goti, au bei, au miaka.
Mizinga tuliipakia usiku, nyuki wangali ndani,
na lori likaipitisha kilomita ya nne
taratibu, taratibu,
dereva akiomba radhi kila lilipotikisika.

Sasa nikitoka zamu napita kando ya ua wa waya.
Hakuna tena kitu kinachogeuka kulifuata jua.
Shimo letu limo humo ndani, wamelinakili:
ule ukingo mkali wa kushoto,
ule mdomo uliopinda,
vyote kwa zege, havitapanuka, havitazibwa.
Wamelipa namba.

Lile la kwetu wilaya ililiziba mwezi uliofuata,
malori ya lami yalihitaji njia nzuri.

Kila dakika tatu gari lisilo na jina,
limevishwa gamba jeusi lisitambulike,
linaingia shimoni, linatoka.
Nje ya waya nimesimama na mfuko wa mkate,
na ulimi wangu, pasipo kuutuma,
unakwenda kulitafuta lile jino.