Usawa wa Sakafu

Meneja kagawa karatasi: andikeni dira zenu,
mistari mitano, kabla ya saa nne.
Wenzangu wakaandika magari, nyumba ya Batumi;
Zurabi akaandika "umeneja", akacheka, akafuta.

Mimi, Tsiala, fundi wa lifti,
miaka kumi na tisa mikono ikinuka grisi,
nikakaa na kalamu kama aliyesahau jina lake.

Nikamkumbuka Bi Nutsa wa Gldani, ghorofa ya nane,
alivyotia sarafu, akapanda na kapu la viazi,
lifti ikasimama pungufu ya sakafu kwa vidole vitatu.
Vidole vitatu tu!
Viazi vikabingirika hadi ghorofa ya sita.
Nyonga haikuunga tena.
Na aliyeifunga breki ile wiki iliyotangulia
ni mimi, kwa haraka, niwahi chakula.

Basi nikaandika mstari mmoja:
mlango ufunguke, mguu usiulize.

Meneja akasoma, akageuza karatasi
kutafuta minne iliyobaki.

Hapakubaki kitu. Simu ikalia.
Nikachukua spana, koti nikalivalia ngazini:
huko Gldani lifti imekwama,
kuna mtu ndani, anagonga.