Zaidi au Kasoro

Kikao ni saa nne. Bwana Semboja anataka nambari moja.
"Ukuta wa kinu utahimili miaka mingapi? Usinipe hadithi."

Nimeketi ghorofani, Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani.
Umeme umekatika, kompyuta inakula akiba yake.
Kinu chenyewe hakijajengwa. Kiko kwenye karatasi
na ndani ya hesabu zangu, ambamo kila usiku
nyutroni hutwanga chuma bila mchi,
bila kelele, bila kubadilishana zamu.

Atomi hung'oka mahali pake. Nyingine hurudi.
Nyingine hazirudi, huacha tundu lisiloonekana,
na tundu likikutana na tundu, chuma huvimba
kama andazi lililozidishiwa hamira.
Tundu hilo, kwetu wa kazi hii, huitwa kasoro.
Neno lile lile tunalosomea saa.

Nilivunja vipande kumi vya chuma hicho,
ndugu wa tanuri moja, moto mmoja, siku moja.
Hakuna wawili waliokatika kwa uzito ule ule.
Hilo ni la chuma; nikisoma hadi mvi sitalibadili.
Lakini lipo jingine, na hilo ni letu:
tumekipima miaka mitatu,
tukaikisia thelathini na saba iliyobaki.
Bahati na ujinga, Bwana Semboja,
usinitilie kapu moja.

Bi Zuwena wa chumba cha pili kaja kuazima pasi ya mkaa.
Kaiona skrini: mistari elfu moja, inaanza pamoja,
kisha inatawanyika kama mkonge usiochanwa.
"Upi ndio wenyewe?"
"Yote. Au hakuna hata mmoja."
"Basi hujui."
"Sijui. Ila najua sijui kiasi gani."
Alicheka hadi akaondoka bila pasi.

Baba yangu, Mbwana Kihiyo, alikuwa genge la reli, Pongwe hadi Muheza.
Kila reli mbili zikutanapo aliacha mwanya,
akaupima kwa vipande vya bati alivyokata mwenyewe:
alfajiri kile kinene, adhuhuri kile chembamba.
Mkaguzi mmoja mgeni akamfokea,
mbona kazi nusu, mbona reli hazigusani?
Baba hakujibu. Aliushika mkono wa yule bwana
akauweka juu ya chuma, saa saba mchana.

Pembeni mwa ripoti nimeandika kwa vina,
maana nimezaliwa Tanga, sijui kukasirika kwa nathari:

    Mwanya wa reli si kosa, mwanya ni nafasi yake,
    Jua kali likigusa, chuma nacho kitanuke,
    Ukiuziba kabisa, njia yote ipindike,
    Ndivyo alivyotuasa: mwanya nao uandike.

Nitaufuta kabla ya kutuma. Huenda.

Jibu langu: miaka arobaini na miwili,
zaidi au kasoro tisa, mara tisini na tano katika mia.
Nilimdokezea jana kwa simu. Akaguna.
"Tisa ni nyingi. Huwezi kuipunguza?"
Naweza. Nipeni tanuri, nipeni vipande, nipeni miaka.
Kwa kalamu tupu siipunguzi.

Umebaki mstari mmoja, wa mia tatu themanini na nane.
Ndani yake ukuta ulipasuka mwaka wa kumi na moja.
Nimeukagua mara tatu: hakuna tarakimu iliyokosewa,
hakuna nukta iliyodondoka. Kila nilichokitia
ni kitu kinachoweza kutokea.
Wastani umeumeza bila hata kucheua.
Nimeutoa tumboni mwake, nimeunakili peke yake
ukurasa wa kwanza, juu ya jina langu,
na sijui nitasema nini wakiniuliza maana yake.

Saa nne kasorobo. Betri, asilimia nne.
Tuseme tatu hadi tano.