Mifuko ya Makoti

Kabla sijaloweka, napekua mifuko.
Ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii.
Kalamu moja ya wino ilinifundisha:
makoti manne yalitoka na mabaka ya buluu
na Bwana Ngowi akanikata ujira wa wiki mbili.

Makoti si ya wageni, ni ya duka.
Mgeni hukodi Jumatatu, hupanda nalo kwa njia ya Machame,
hulirudisha siku ya saba lina vumbi la kijivu
lisilofanana na vumbi lolote la Pasua,
na jasho la hofu. Hilo nalijua kwa pua,
ni kali kuliko jasho la jembe.

Mifukoni: karatasi za peremende,
kidonge cha kichwa, glavu ya mkono mmoja,
ua la huko juu, lile lisilonyauka hata likichumwa.
Siku moja, dola ishirini. Nilizirudisha,
baada ya kulala nazo usiku mmoja.
Na mawe.
Kila koti la tatu lina jiwe,
jeusi, jepesi, lina vitundu kama mkate wa kumimina.

Mtu analipa mamilioni apande,
anaokota jiwe kwa vidole vilivyokufa ganzi,
analitia mfuko wa ndani, upande wa moyo, anafunga zipu,
halafu analisahau.
Mimi namkumbukia.
Nina debe zima nyuma ya mlango.

Nisiseme uongo, mlima umenilea.
Mabati haya ishirini na manne ni makoti.
Ndealilia yuko mwaka wa pili wa uuguzi
na ada yake nimeifua, soksi kwa soksi.
Mwaka wa korona, ndege zilipokoma,
kamba zangu zilikaa tupu miezi saba,
nikajua kwamba njaa ina sauti:
vibanio vikigongana kwenye upepo.

Lakini povu.
Povu la beseni langu linakatiza kwa Mama Fue,
linaingia mferejini,
na mfereji haujui kusimama mpaka majaruba ya Chekereni.
Mwanahawa, tuliyesoma naye darasa moja,
alikuja na chupa ya maji,
akaiweka mezani taratibu, kama kadi ya msiba.
Maji yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyoongezwa maji.
"Vyura wamehama," akasema.

Nilimpikia chai. Kwa maji ya bomba.
Nikamwambia ile hoteli ya juu, yenye bwawa la kuogelea,
inachota zaidi, inamwaga zaidi.
Ni kweli.
Na ni kweli pia kwamba chupa aliileta kwangu,
kwa sababu mlango wangu hauna mlinzi.

Siku hizi natumia sabuni ya mche, ghali.
Nimechimba shimo, nimelijaza changarawe.
Bwana Ngowi analalamika makoti hayanukii maua.
Vyura sijui. Sijathubutu kuuliza.

Elirehema, kifunguamimba wangu, ni mgumu;
ndivyo wapagazi wanavyoitana.
Nilimwambia, safari hii nichukulie mawe haya, uyarudishe.
Akacheka. Akaona sicheki.
"Mama, getini kuna mizani.
Kilo ishirini, basi. Nikiweka mawe yako
nitoe nini? Hema la mgeni? Mayai yake?
Au blanketi langu?"

Akachukua moja tu, dogo, saizi ya harage.
Nilimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya kinyozi.

Alirudi Jumapili, midomo imepasuka,
akala ndizi sufuria nzima, akalala na viatu.
Sikumwuliza.
Asubuhi nilichukua suruali yake niiloweke,
nikapekua kwanza, kama kanuni inavyotaka.

Lilikuwamo,
limeviringishwa ndani ya bakshishi yake:
elfu arobaini, zimekunjwa mara nne.