Pindo la Siku ya Tatu

Nimeitandaza karatasi ya kaki juu ya meza ya kukatia,
iliyobaki kwenye sare za shule za Januari,
na kwa chaki nimechora pwani:
mstari uliopinda kama kwapa la gauni,
Tanga juu, Pangani chini,
Muheza kwa ndani, penye kiuno.

Wifi yangu Mwanasha kaja na daftari.
Yeye huandika, mimi hupima.
Siku tatu tu, Ijumaa hadi Jumapili,
cherehani ifunikwe shuka;
Jumatatu asubuhi niwe nimeketi dukani,
wasije wakasema fundi Salha katoroka na vitambaa vya watu.

Ijumaa tutoke Barabara ya Kumi na Sita
kabla jua halijaota meno.
Februari nimeichagua kwa makusudi:
kaskazi hutokea nyuma yetu,
hutusukuma mgongoni kama shangazi anayechelewa harusini.
Mwaka jana tulikwenda Julai,
kusi ikatuzaba makofi hadi Kigombe.
Tongoni maji. Kigombe chakula.
Mwanasha kaandika "pweza", kapigia mstari mara mbili.
Pangani tulale kwa binamu yake
ambaye hasemi sana na ana kisima.

Jumamosi tuipe bahari mgongo,
Boza, kisha vilima hadi Muheza.
Utepe wangu unasema sentimita kumi na moja.
Utepe haujui vilima.

Vitu: mpira wa ndani mmoja na nusu
(huo nusu una viraka saba),
solusheni, msasa, pampu, spana ya kumi na tano,
khanga mbili mbili, chumvi, ndimu,
sindano na uzi, maana mimi bila sindano ni nani?
Mwanasha anataka kubeba mto wa kulalia.
Namwambia kareria si chumba cha kulala.
Swala yake, breki ya nyuma inalia kama mbuzi aliyeona kisu;
akaitengeneze kwanza, ndipo tuzungumze habari za mito.

"Jumapili?" anauliza, kalamu hewani.

Jumapili sijachora kitu.

Mwaka jana tulikata safari kwa saa, hata kwa dakika.
Boza, saa nne na robo, kupita.
Mama mmoja alikuwa barazani akimenya machungwa,
akatuita: karibuni, wapita njia,
mjukuu wangu leo katimiza arobaini, anatolewa nje,
wali uko jikoni.
Nikamjibu, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedeli:
ahsante mama, tuna ratiba.

Ratiba!
Nililisema neno hilo kwa mtu mwenye mtoto mchanga na wali.
Hakukasirika. Kisu kiliendelea kuzunguka chungwa.
Muheza tulifika dakika ishirini kabla ya wakati,
na dakika hizo ishirini tukazikalia stendi,
tukihesabu mabasi ya watu wengine.

Sasa sikia, Mwanasha. Kila nguo ninayoshona naiachia pindo.
Mtoto akirefuka, mama hufumua;
asiporefuka, pindo hukaa ndani kimya, halimdhuru mtu.
Basi andika: Jumapili, pindo.
Likihitajika Boza, tutalifumua Boza,
na deni la njia tutalilipa kwa mapaja.

"Na asipotuita mtu?"
Tutapumzika kwenye kivuli cha mkonge.
"Mkonge hauna kivuli, Salha."
Najua.
"Na huyo mtoto sasa anatembea, hatolewi tena nje."
Najua hilo pia. Nimemshonea kofia.

Ananitazama.
Mji wetu husema waja leo, waondoka leo,
kisha humcheka mgeni anayeamini.

Anaandika: pindo.
Halafu, akidhani sioni,
chini yake, kwa herufi ndogo kama mishono ya kificho:
mto.