Kifungo cha Pili

Kila nyuso zao zilipokaribiana
baba alikohoa:
"Mwanakheri, kaitazame chai."
Nikaenda. Chai haijachemka.
Nikirudi, treni imeshaondoka
na mama anapangusa macho kwa pindo la kanga.

Leo Winnipeg, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
madirisha yameota manyoya ya barafu.
Nina miaka hamsini na sita.
Hakuna wa kukohoa.

Filamu nzima basi, tangu jina la kwanza.
Stesheni ile ile, moshi ule ule,
nyuso zinasogea, zinasogea,
nimeukumbatia mto

hawabusiani.
Mwanamke ameona kifungo cha pili cha koti la bwana
kimelegea. Anatoa sindano mkobani,
anashona polepole, kisha anainama
akate uzi kwa meno,
pale pale kifuani.
Hamna hata neno.

Baba, kifungo?
Miaka yote ile, kifungo?

Halafu nikakumbuka shati lako la kazini,
mama amesimama nawe mlangoni, uzi mdomoni,
nawe umetulia tuli, kidevu juu.

Majina yanapanda. Nimeinuka
kwenda kuitazama chai.